Nyakalengija: Mlima Huanzia Chini

Wahenga walisema kwamba mtembezi hula miguu yake. Mgeni ashukaye Kasese, magharibi ya Uganda, kwa nia ya kuitazama theluji ya Rwenzori, yafaa aukumbuke usemi huo. Wengi huingia Nyakalengija jioni, hulala, na kulipokucha huelekea mlimani mbio, wakikiacha nyuma kijiji kizima bila kukijua.

Nyakalengija iko kilomita zisizozidi 25 kutoka mji wa Kasese, katika bonde la mto Mubuku, penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1991, na mwaka 1994 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kilele chake kirefu kupita vyote, Margherita, chenye mita 5,109, kilikwewa mwaka 1906 na msafara wa Luigi Amedeo, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, naye akakipa jina la malkia wake. Wakonzo, wenyeji wa miteremko hiyo, walikuwa wameijua theluji tangu kale, wakiamini kuwa ndiyo makao ya Kitasamba.

Safari ya kuzunguka kwa njia ya Bujuku na Kitandara huchukua muda wa juma zima. Si kila mgeni aliye na siku hizo, wala fedha zake, wala pumzi zake. Basi mwenye siku moja na amtafute kiongozi wa kijijini, apite naye katika mashamba ya kahawa na migomba yaliyo nje ya hifadhi, kisha aketi kwa mwenyeji ale ugali wa muhogo. Mwenye siku mbili aweza kulipa ada ya hifadhi, akapanda hadi kibanda cha Nyabitaba, mita 2,651, akalala huko na kurejea kesho yake. Njiani hukaa mbega na vinyonga wenye pembe tatu.

Miezi ya Desemba hadi Februari, na Julai hadi Agosti, ndiyo yenye nafuu ya mvua. Lakini Rwenzori haiaminiki hata wakati huo. Hapana budi kuchukua mabuti ya mpira, koti la mvua, nguo za sufu, na nguo kavu zilizofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ujira wa mpagazi na upatanwe kabla ya mzigo kuinuliwa.

Arejeapo bondeni, mgeni aweza kwenda Kilembe, ulikochimbwa shaba hadi mwaka 1982. Au kusini, kwenye alama ya ikweta iliyo kando ya barabara ya kwenda Mbarara. Au ziwa la Katwe, ambako chumvi huvunwa kwa mikono. Karibu na Bwera liko soko la Mpondwe, mpakani mwa Kongo, ambako Kiswahili humfaa sana mnunuzi. Aulize kwanza hali ya mpaka.

Iko sababu ya kutochelewa. Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilifunika kilomita za mraba zipatazo 6 na nusu. Ilipopimwa mwaka 2003, haikufika hata kilomita moja. Mito nayo imewahi kuleta msiba: mafuriko ya Nyamwamba ya mwaka 2013 na ya mwaka 2020 yaliharibu nyumba na hospitali ya Kilembe. Wakazi wa mabonde haya huishi na mlima siku zote, wakati wa neema na wakati wa gharika.

Kwa hiyo fedha ya mgeni itakuwa na manufaa zaidi ikitumika hapo hapo: chakula kikinunuliwa kijijini, kiongozi akiwa wa kijijini, na vikapu vikinunuliwa kwa wenye kuvisuka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Theluji itaonekana siku mawingu yakipenda. Wenyeji wako pale kila siku.