ZAWADI ZA UMEME: TUITAZAME NYUMBA KABLA YA DUKA

Muhula wa tatu ukiisha, mabasi yatokayo Kampala hujaa watu waendao makwao kwa Krismasi. Zamani mizigo yao ilikuwa sukari, sabuni na vitenge. Siku hizi zimeongezeka simu, redio, taa za sola na hata birika za umeme. Jambo hili si baya, maana wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini nauliza, je, mwenyeji hupona kweli?

Kifaa cha umeme si kama kitenge. Kitenge ukishakitoa, kazi yako imekwisha. Kifaa huendelea kula: hutaka chaji, hutaka vocha, hutaka fundi. Mtoaji hulipa mara moja, mpokeaji hulipa kila wiki. Kwa hiyo yafaa tuchague kwa kuitazama nyumba kitakamokaa, wala si kwa kulitazama dirisha la duka.

Kwanza, umeme wenyewe. Bwawa la Karuma, lenye megawati 600, lilizinduliwa rasmi mwaka 2024, nasi twashukuru. Hata hivyo, nyumba nyingi za vijijini hazijaungwa na nyaya, na baadhi yake hutumia paneli ndogo ya sola. Basi tufanye hesabu kama tulivyofundishwa darasani. Birika la umeme hutaka wati 2,000 hivi, na paneli ya wati 50 haiwezi kuzitoa hata jua likiwa kali namna gani. Shangazi akipewa birika hilo, litabaki pambo la kabati. Lakini balbu ya LED ya wati 5 itawaka vizuri kwa betri iliyojazwa na paneli hiyo hiyo, na watoto watasoma usiku pasipo moshi wa kibatari.

Pili, nawaomba kaka zetu mliosoma hapa na sasa mko ng'ambo. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni volti 240. Pasi ya huko ikichomekwa hapa huungua. Kile kidude kinachovalishwa plagi hubadili umbo la meno yake tu, hakibadili volti. Tafadhali someni maandishi madogo kwenye kifaa au chaja yake. Yakisema 100 hadi 240, hapana hatari. Yakisema 120 peke yake, kiacheni dukani. Simu nayo isiwe imefungiwa kampuni moja ya huko, maana hapa haitapokea laini yetu.

Tatu, sisi wanafunzi. Wako wenzetu wanaowasumbua wazazi wawanunulie simu ya bei kubwa, na hali bweni haliruhusu simu. Mzazi akikosa fedha taslimu, huichukua kwa kulipia kidogo kidogo, na malipo yakikatika simu hujifunga. Mwezi wa Februari shule hufunguliwa, na karo haingoji. Mara nyingi karo ikipungua, dada zetu ndio wa kwanza kubakizwa nyumbani. Kijana wa miaka 19 kama mimi aone haya kudai zawadi ambayo dada yake atailipia kwa kukosa masomo.

Wengine watasema kwamba mtu wa kijijini naye astahili kitu kizuri kama wa mjini. Kweli, astahili. Lakini astahili pia kuulizwa. Huenda bibi akapenda simu ya vitufe vikubwa inayokaa na chaji siku kadhaa, kuliko ya kioo ambayo kila jioni hupelekwa sokoni kuchajiwa kwa fedha. Huenda babu akapenda redio ndogo. Redio za transista za mfukoni zilianza kuuzwa mwaka 1954, na mpaka leo betri kavu mbili zinatosha kumletea mtu habari za dunia jioni nyingi.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kutoa fedha tujiulize mambo matatu: huko nyumbani pana nini cha kukiwasha? Nani atakitengeneza kikiharibika? Kila mwezi kitakula shilingi ngapi? Majibu yakiwa mema, nunua bila hofu. Yakiwa mabaya, sukari na kitenge havijapitwa na wakati, na ada ya shule iliyolipwa mapema ni zawadi isiyohitaji chaji.

Nawatakia nyote likizo njema.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita