Binti wa mfugaji na njia ya Morogoro



Barua iliyotufikia wiki hii inatoka Mwamanyili, mkoani Simiyu. Aliyeiandika ni mfugaji ambaye binti yake amefaulu mtihani wa kidato cha nne, na tangu udogo binti huyo hana hamu nyingine ila kuwa daktari wa mifugo. Baba yake mdogo, aliyeko Marekani, amewaeleza kuwa mtu husoma kwanza shahada ya miaka 4 katika chuo chochote, kisha ndipo aombe nafasi ya udaktari wa mifugo. Kwa ushauri huo binti amejaza tahasusi ya Historia, Jiografia na Kiswahili, masomo aliyozoea kuongoza darasani. Baba naye ametenga ng'ombe watatu wa kuuza siku ya chuo itakapowadia. Anatuuliza ni chuo gani cha kumwandaa.

Ndugu yetu, huyo mdogo wako hakusema uongo. Ameeleza desturi ya huko aliko. Hata hivyo, hata huko mwombaji hupaswa kuwa amesoma Baiolojia, Kemia na Fizikia katika shahada hiyo ya kwanza. Hapa kwetu udaktari wa mifugo wenyewe ndio shahada ya kwanza. Husomwa kwa miaka 5 katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na mwanafunzi aliyefaulu huingia moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Maandalizi yake, basi, ni kidato cha tano na cha sita, na kwa tahasusi aliyojaza binti yako mlango huo umefungwa kabla hajaufikia.

Kemia na Baiolojia ndizo nguzo. Sisi tungemshauri achukue Fizikia, Kemia na Baiolojia, ikiwa alama zake zinaruhusu, kwa sababu tahasusi hiyo humwachia pia njia ya uuguzi, ufamasia na udaktari wa binadamu endapo nia itabadilika. Baada ya matokeo ya kidato cha nne, TAMISEMI hufungua kwa muda mfumo wa kubadili machaguo. Muda huo ni mfupi. Mwende shuleni kwake wiki hii hii, mzazi na mtoto pamoja, mkaonane na mwalimu mkuu.

Iko njia ya pili, nayo si ya kudharauliwa. Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA, una kampasi Mabuki, wilayani Misungwi, ambako si mbali sana nanyi. Mwenye stashahada ya afya ya mifugo hutibu chini ya usimamizi wa daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, na akifaulu vizuri anaweza baadaye kuomba chuo kikuu. Njia hii ni ndefu zaidi, lakini humpatia kijana kazi mapema.

Tahadhari moja tumeona familia nyingi zikiikosa. Shahada ya sayansi ya wanyama si udaktari wa mifugo. Ni elimu ya malisho, uzalishaji na uzazi bora wa mifugo, nayo ina heshima yake. Lakini aliyeimaliza hawezi kusajiliwa kuwa daktari. Majina hufanana, na mtu huja kung'amua tofauti akiwa ameshavaa joho.

Kuhusu ada, wako wazazi wanaouogopa mkopo wa Bodi kwa ajili ya riba, na hofu hiyo ina msingi katika dini yetu. Mwaka 2021 serikali ilitangaza kuifuta ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Hata hivyo, soma mkataba wenyewe mbele ya mtu anayeijua fiqhi kabla ya kutia saini. Ng'ombe usiwauze kwanza.

Mama wa binti, kwa mujibu wa barua, anahofia mbwa na nguruwe. Ni kweli, katika masomo hayo atawagusa. Wengi wetu ni wafuasi wa madhehebu ya Shafi, na twajua najisi ya mbwa na nguruwe huoshwa mara saba, moja kwa maji ya udongo. Tena glovu zipo. Mama akumbuke pia hadithi ya Mtume wetu (SAW) juu ya mtu aliyeshuka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa.

Zaidi ya hayo, wafugaji wenyewe wanajua nini hutokea ng'ombe akianza kutetemeka usiku. Wapo wanaokimbilia kisu akiwa ameshakata roho, na asubuhi nyama iko buchani. Ni kibudu, ni haramu, na kama ni kimeta ni mauti kwa mlaji na kwa mchunaji. Mtu wa kusimama mlangoni mwa machinjio, mwenye elimu ya ugonjwa na ya dhabihu kwa pamoja, ni adimu mno katika vijiji vyetu. Binti yako huenda akawa mmoja wao, insha Allah, ikiwa fomu ile itabadilishwa kabla mfumo haujafungwa.