Katazo bila ulinzi

Ndugu mwandishi, hapo uliposema serikali ikiamua tu biashara ya sarafu za kidijitali inakwisha, sikubaliani nawe. Nigeria walijaribu: Februari 2021 Benki Kuu yao iliamuru mabenki yafunge akaunti za wanaouza na kununua sarafu za kidijitali, watu wakahamia kuuziana wenyewe kwa wenyewe, na Desemba 2023 benki hiyohiyo ikalegeza amri. Kwetu Tanzania, Benki Kuu (BoT) ilitoa tangazo la katazo Novemba 2019, halafu Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya asilimia 3 kwenye sarafu hizohizo! Jirani yangu wa duka Kariakoo anaagiza mzigo China. Nimemwona akituma shilingi kwa simu kwa mtu asiyemfahamu, kisha anakodolea skrini macho mpaka sarafu zake za kidijitali za USDT ziingie. Akitapeliwa atashtaki wapi? Hilo ndilo linaloniuma. Na wewe mchangiaji hapo juu unayewaambia vijana bei ikishuka lazima ipande, bitikoini ilikaribia dola 69,000 Novemba 2021, mwaka mmoja baadaye ikawa chini ya 17,000. Aliyeweka humo ada ya mtoto, shule ingemsubiri?