Nauli Isituteremshe Korongoni

Likizo zinapokaribia jumuiya nyingi huanza kuchanga pesa za matembezi. Familia za Nairobi na Nakuru hupenda kwenda Hell's Gate, karibu na Naivasha, kwa kuwa ni mojawapo ya mbuga chache nchini Kenya ambamo watu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli. Sisi wa ukurasa huu tunaunga mkono safari hizo. Mwendo wa saa tatu au nne hunufaisha moyo, husaidia kushusha presha na sukari, na baba anayerudi kazini watoto wakiwa wamelala hupata nafasi ya kuzungumza nao njiani. Neno letu leo ni juu ya korongo tu.

Nchi ile imefanyizwa na moto na maji. Volkano za Bonde la Ufa zilitapika majivu, nayo majivu yakashikamana kuwa mwamba laini. Kisha, maelfu ya miaka iliyopita, Ziwa Naivasha lilipokuwa kubwa sana kuliko sasa, maji yake yalifurika kuelekea kusini yakachimba korongo liitwalo Ol Njorowa. Mahali pengine ni jembamba hata watu hupita mmoja mmoja. Siku ya jua, chini kuna kijito cha kulowesha viatu tu, na wazazi hushuka na watoto bila wasiwasi.

Hatari yenyewe huanzia mbali na macho yetu. Mvua ikinyesha kwenye miinuko, maji yote hukimbilia korongoni, na huenda yakafika wakati waliomo ndani bado wanaona jua juu ya vichwa vyao. Kuta zimelainishwa na maji ya miaka mingi, na sehemu nyingi hazina pa kushika wala pa kupandia. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yaweza kumwangusha mtu mzima. Mtoto wa darasa la pili je?

Mwezi wa Aprili 2012 vijana saba wa kikundi cha kanisa walikufa humo, walikuwa matembezini kama sisi. Tena Jumapili, tarehe 1 Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yaliwaua watu saba, mmoja wao mwongozaji wa wageni. Septemba si mwezi wa masika wala wa vuli, hivyo kuangalia kalenda peke yake hakutoshi. Baada ya ajali hiyo Shirika la Wanyamapori (KWS) lililifunga korongo. Kabla ya kupanga safari yoyote, ulizeni ni sehemu zipi zilizo wazi, kisha ulizeni tena langoni siku yenyewe.

Kwa nini basi watu wazima wenye akili washuke wakati wingu limetanda? Kwa maoni yetu, sababu kubwa ni nauli. Basi limekodiwa, kiingilio kimelipwa, watoto wamengoja mwezi mzima, na mwenyekiti anaona haya kuwaambia watu kwamba korongo hawataliona. Mwongozaji naye anatafuta riziki. Tusimtwike yeye peke yake uamuzi ambao ni wetu.

Tunapendekeza halmashauri za parokia ziliamue jambo hili kabla ya shilingi ya kwanza kuchangwa. Achaguliwe mtu mmoja, asiwe mshika fedha wala mwenye basi, naye apewe mamlaka ya kusema, "Leo hatushuki." Akisema hivyo, hakuna kupiga kura. Wazazi waelezwe mapema kwamba wanalipia siku ya matembezi, korongo ni nyongeza. Wako watakaosema tunawatia watu hofu. Sisi tunaona ni afadhali kikundi kinung'unike ndani ya basi kikiwa na watu wake wote.

Mengine ni ya kawaida. Kila mtu abebe maji yake, kwa maana hewa ya Naivasha ni ya baridi kiasi na mtu hukaukiwa bila kusikia kiu. Maji ya chemchemi yasinywewe. Maji ya nchi za volkano mara nyingi huwa na floraidi nyingi inayoharibu meno ya watoto, na kuyachemsha hakuiondoi. Zipo chemchemi za moto za kuunguza ngozi, basi watoto washikwe mkono. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta, kisha apelekwe zahanati.

Na mkiambiwa korongo halishukiki, siku haijaharibika. Njia ya juu kutoka lango la Elsa ni tambarare, hata nyanya anaimudu kwa mwendo wake. Mtauona mnara wa mwamba uitwao Fischer's Tower, pundamilia na twiga wakila, na mbali kidogo mvuke wa Olkaria unaotupa umeme tangu mwaka 1981. Vyakula fungeni vizuri, maana nyani wa pale wanajua sauti ya mfuko wa chapati.