Kilio cha Bule kiandikwe mara mbili
Usiku wa Februari 1 kuamkia 2, mwaka 2022, wanamgambo wa CODECO waliua watu karibu 60 katika kambi ya wahamishwa ya Plaine Savo, huko Bule, Djugu. Kila baada ya mauaji, raia wa Ituri hujiuliza: nani alipiga simu, saa ngapi, nani aliitika?

Mafundi wa intaneti wana dawa. Seva ya Apache inaweza kuandika kila ombi mara mbili: likiingia na likimalizika. Ombi lenye mstari mmoja tu ndilo lililokwama.

FARDC na MONUSCO wafanye vivyo hivyo: waandike saa simu ya hatari ilipoingia, kisha saa askari walipofika. Wafu hawatarudi, lakini walio hai watajua kilio chao kilikwamia wapi.