Mbegu Iliyopewa Jina la Sala

Juma hili twawaletea mmea wa porini ambao wengi wenu mmepita kando yake bila kuuliza jina. Lakini mbegu zake mwazijua: ni nyekundu kama damu, na kila moja ina doa jeusi kama mboni ya jicho. Kwa Kiswahili mmea huu huitwa mturituri. Wenye elimu ya mimea huuita Abrus precatorius, jina alilolitoa Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, mwaka 1767. Neno lile la pili latoka katika Kilatini precari, maana yake kusali. Kwani tangu zamani watu walizitunga mbegu hizi katika uzi wakafanya rozari.

Mturituri ni wa jamii moja na maharagwe, kunde na karanga. Shina lake jembamba haliwezi kusimama peke yake, basi hujizungusha juu ya vichaka na miti midogo. Kila jani limegawanyika kuwa vijani vidogo, vilivyopangwa viwili viwili, mara nyingi jozi 10 na zaidi. Maua yake ni madogo, rangi ya waridi au zambarau hafifu, nayo hufanana na ya kunde. Kisha huja maganda mafupi. Yakikauka hupasuka na kujikunja, na mbegu hubaki zimeshikamana humo, zikionekana toka mbali. Aina yetu ya Afrika hutambulikana kwa ganda lenye vinundu vidogo. Kwa alama hiyo Bernard Verdcourt aliitenga mwaka 1970, akaiita africanus.

Mbona mbegu ijipambe hivyo? Wataalamu wengi huona kwamba yawadanganya ndege. Ndege hudhani ni tunda lenye nyama, huimeza, huipeleka mbali, kisha huitoa nzima, maana ngozi yake ni ngumu kama jiwe dogo. Hapo huota.

Ngozi hiyo ngumu ndiyo mlinzi wetu pia. Ndani yake mna sumu iitwayo abrini, mojawapo ya sumu kali kuliko zote zilizomo katika mimea. Huingia katika seli za mwili na kuzizuia zisitengeneze protini, nazo seli hufa. Mbegu iliyomezwa nzima mara nyingi hupita bila madhara. Lakini ikitafunwa au ikitobolewa, mlango umefunguliwa, na mbegu moja tu yaweza kumwua mtoto. Ugonjwa hauji papo hapo: huweza kukawia saa nyingi, hata siku nzima, ndipo huja kutapika, maumivu ya tumbo, kuhara damu na kuishiwa na maji mwilini. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haijapatikana. Waganga humsaidia mgonjwa kwa maji na uangalizi.

Hatuyasemi haya ili kuuchukia mmea. Masonara wa Uhindi walipimia dhahabu kwa mbegu hizi, kwa kuwa uzito wake hautofautiani sana. Lakini uzuri wake umewadanganya hata watu wenye elimu: mwaka 2011, huko Uingereza, bangili za mbegu hizi ziliuzwa kwa watu wengi kabla hatari haijatambuliwa, ikabidi wanunuzi waombwe kuzirudisha.

Basi, enyi wazazi, tazameni shanga zilizomo nyumbani. Mtoto mchanga hutia kila kitu kinywani, na shanga ya mturituri imekwisha kutobolewa. Nanyi wanafunzi, msizitoboe kwa sindano wala msizitafune kwa mashindano. Majani ya mmea huu yana utamu. Utamu huo usiwavute kuionja mbegu. Iwapo mtoto ameitafuna au ameimeza, apelekwe hospitali upesi, hata kama bado anacheza na kucheka, na mbegu nyingine ichukuliwe ili mganga aione. Msingoje dalili.

Rozari ya mti au ya mbegu nyingine isiyo na sumu yatosha kabisa kwa kusali. Huyu mwenye jina la sala tumwache porini, tumtazame kwa macho tu.