Sheikh Al-Amin alianza na watu wake

BARAZA YA IJUMAA
Na Salim Athman Kombo

Simu zetu zimejaa mihadhara: huyu anamshinda kasisi kwa hoja, yule anamkufurisha Mwislamu mwenziwe kwa ajili ya Maulidi. Yote huitwa daawa. Mji wa Kale wa Mombasa ulikuwa na mwalimu aliyeifanya daawa vingine, nasi tumemwacha asahaulike.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Alisomeshwa na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, na Unguja akasoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit. Alifuatilia pia Al-Manar, jarida la Rashid Rida lililotoka Cairo. Kwa elimu hiyo angeweza kuandika Kiarabu tu, akasomwa na wanavyuoni wenziwe na kusifiwa. Hakutosheka na hilo. Mwaka 1930 alianza kutoa gazeti la Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu, ili mchuuzi na baharia nao wajue dini yao inasema nini.

Wakati huo wamishenari walikwisha kujipanga kwa shule na vitabu. Godfrey Dale, kasisi wa Kianglikana aliyekuwa Zanzibar, alichapisha tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili mwaka 1923. Sheikh aliwajibu wamishenari, lakini maneno yake makali zaidi aliwaambia Waislamu wa hapa hapa: mnafuja mali kwa harusi na matanga, mnawanyima mabinti elimu, mnaiga anasa za Wazungu na kuacha bidii yao. Kwake, dini isiyoonekana katika mwenendo wa wenyewe haina la kumwambia jirani. Wapo waliochukia, hasa alipokemea mila walizodhani ni ibada. Hakunyamaza, hata alipokuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki mwaka 1947.

Nami naona yeye ndiye aliyekuwa na haki. Njia yake ndiyo waliyoifuata Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake ya Qur'ani ilikamilika kuchapishwa mwaka 1969 na bado imo majumbani mwetu. Hakuna kelele ya mhadhara iliyotuachia kitu mfano wa hicho.

Makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu, Uwongozi. Walimu wa madrasa za Kibokoni na Kuze, kitafuteni, mkisomeshe, wavulana na wasichana pamoja.